Fundi wa siku wa Nkuhungu na kaseti ya tarehe moja Julai

Saa mbili asubuhi, upepo wa kipupwe unapiga mabati ya Nkuhungu na vumbi linaingia hadi kwenye meno. Asma Nurdini amejifunga kanga mbili, moja juu ya nyingine, na amevaa soksi ndani ya kandambili. Anafuta deki ya kaseti kwa kitambaa laini, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto kamasi.

Hajamaliza, mteja wa kwanza anasimama mlangoni. Ni mzee mrefu mwenye koti la suti juu ya fulana.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba binti. Nimeambiwa hapa mnauza siku.”

“Tunauza. Unataka ya lini?”

“Tarehe moja Julai, mwaka sitini na tano. Siku yangu ya kuzaliwa.”

Asma anaacha kufuta. “Ya kitambulisho au ya mama?”

Mzee anacheka mpaka anashika mlango. Jina lake ni Mustapha, dereva wa ofisi moja ya serikali hapa Dodoma. Kesho anastaafu, na wenzake wamechanga ili kwenye tafrija apigiwe nyimbo za siku aliyozaliwa.

“Kitambulisho kinasema moja Julai,” anasema. “Mama alisema nilizaliwa siku mbuzi wa babu waliporudi wenyewe, mchungaji hayupo. Sasa hiyo utaitoa wapi?”

“Hiyo ndiyo ninayoitaka. Kaa baba, unieleze. Mchungaji alikuwa wapi?”

“Amelewa.”

“Basi ni baada ya mavuno. Tumeanza vizuri.”

Ubao ulio juu ya mlango umeandikwa kwa rangi ya bluu: NYIMBO ZA SIKU YAKO. Mteja anataja tarehe, ya harusi, ya kuzaliwa au ya msiba, na Asma anamtengenezea flashi yenye siku hiyo. Flashi huanza na sauti ya Asma mwenyewe akitaja tarehe, kisha yaliyotokea duniani, yaliyotokea nchini, na yaliyotokea kijijini kwa mteja kama yanajulikana. Baada ya hapo zinafuata nyimbo zilizovuma wakati huo, kutoka ya kumi hadi ya kwanza.

Wateja wamemwita fundi wa siku, na jina limemkaa.

“Chati ya mwaka sitini na tano sina, na sitakudanganya,” anamwambia Mustapha. “Nitakuwekea nyimbo za miaka hiyo. Nikikwambia hii ilikuwa ya kwanza siku hiyo, nitakuwa nimekuuzia siku ya mtu mwingine.”

Mustapha anaridhika. Anaondoka akiwa ameagiza siku mbili, ya kitambulisho kwa ajili ya ofisi, na ya mbuzi kwa ajili ya nyumbani.

Huu ndio msimu wa Asma. Wazee wengi wa uwanda huu walizaliwa kabla ya kliniki na kadi. Mama zao waliwahesabia umri kwa njaa, kwa nzige, kwa mvua iliyobomoa nyumba za tembe. Walipokwenda kuandikishwa, wakataja mwaka kwa kukisia, na karani aliyehitaji siku na mwezi akaweka tarehe moja Julai. Ndiyo maana ifikapo mwisho wa Juni, kibanda cha Asma kinajaa wazee ambao kwenye karatasi wote wamezaliwa siku moja.

“Nimeisema tarehe hiyo mpaka naiota,” anasema Asma. “Rwanda na Burundi kupata uhuru, mwaka sitini na mbili. Ghana kuwa jamhuri, mwaka sitini. Somalia kuungana, mwaka huohuo. Kameruni kutolewa kwenye Kombe la Dunia, mwaka tisini. Hapo kwenye Kameruni, wazee wote hunisimamisha. Kila mmoja anataka kunieleza alikuwa amekaa wapi.”

Kwa mwezi wa kawaida hupata kati ya shilingi laki mbili na laki tatu. Mwisho wa Juni na mwanzo wa Julai pato hilo karibu linajirudia mara mbili. Linatosha kodi ya kibanda, chakula, na dawa za mama yake, Sikudhani, anayeishi naye hapa Nkuhungu.

Lakini leo, kwenye meza yake, kuna vitu viwili ambavyo havihusiani na wastaafu. Kimoja ni kaseti ya zamani yenye lebo iliyofubaa. Kingine ni flashi nyekundu. Kesho anatakiwa Mvumi, kwa mwanamke mwenye umri wa miaka sabini na saba anayetaka kusikia jina la mwanawe likisomwa redioni. Asma hajaamua achukue kipi.

Kaseti hiyo aliirekodi baba yake.

Nurdini alikuwa Mrangi wa Kondoa aliyeshuka Makutupora kufanya kibarua kwenye mashamba ya zabibu, akaishia kuwa mlinzi wa shamba. Alikuwa na redio kaseti ambayo upande wa redio ulikufa, na redio nyingine ndogo ya betri iliyokuwa nzima. Kila Jumapili alasiri aliziweka mezani zikitazamana, akaiwasha moja na kuibonyeza nyingine ili irekodi.

Kipindi alichokipenda kilipanga nyimbo kumi kwa wingi wa kadi za wasikilizaji. Watu waliandika kadi, wakachagua wimbo, wakaorodhesha wanaowasalimu na kumalizia na ujumbe. Mtangazaji alihesabu kadi, akapanga nyimbo, na kabla ya kila wimbo akasoma baadhi ya majina. Hiyo ndiyo chati ambayo Asma anaitegemea hadi leo, angalau kwa miaka ambayo baba yake alikuwa na kaseti.

“Baba hakuwa mtu wa kuandika. Alikuwa mtu wa kusema,” anasema. “Kabla ya kipindi kuanza, alisema tarehe. Halafu akasema hali ya siku hiyo. Zabibu zimeanza kuiva. Jirani amepata mtoto wa kike. Chui kaonekana mlimani. Ndipo muziki unaingia.”

Kwa kuwa sauti ilipita hewani kutoka redio moja hadi nyingine, nyumba nzima iliingia ndani ya kaseti. Kuna kuku, kuna kinu, kuna mtu anabisha hodi katikati ya rumba la Kinshasa.

Nurdini alifariki mwaka 2017. Masanduku yake matatu ya kaseti yakakaa chini ya kitanda cha Sikudhani, na Asma hakuyagusa.

“Sikuweza. Sauti ilikuwa nzima na mwenyewe hayupo.”

Wakati huo alikuwa akiwaingizia vijana nyimbo kwenye memori kadi, kazi aliyoianza baada ya kumaliza kidato cha nne. Simu za kisasa ziliiua kazi hiyo polepole. Alikuwa amekwishamwambia mwenye kibanda kwamba atarudisha funguo, ndipo mwanamke mmoja wa Chang’ombe alipokuja kumuuliza kama anaweza kupata nyimbo zilizopigwa redioni wiki aliyoolewa. Mume wake alikuwa amefariki, na alitaka kumkumbuka akicheza, si akiumwa.

Asma alirudi nyumbani, akavuta sanduku la kwanza. Wiki hiyo ilikuwemo. Sauti ya baba yake ilisema mvua imechelewa na panya wamemaliza mbegu.

“Nililia, kisha nikacheka,” anasema. “Nikasema, kumbe baba ameniachia kazi.”

Aliyeleta habari ya Mvumi ni Ruthu, fundi cherehani mwenye umri wa miaka arobaini na mitano. Alifika kibandani katikati ya Mei, akakataa kukaa.

“Mama yangu anaitwa Angelina,” alimwambia Asma. “Kitambulisho chake kinasema moja Julai. Kila mwaka tunampikia kuku siku hiyo, anakula, ananyamaza. Mwaka huu kasema hataki. Kasema, siku hiyo si yangu, ni ya Abeli.”

Abeli alikuwa kaka yake Ruthu. Alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, mpenzi wa redio, aliyetuma kadi wiki hadi wiki bila jina lake kusomwa. Siku moja likasomwa. Mwezi uliofuata alikwenda Morogoro kukata miwa, na lori lililokuwa likimrudisha nyumbani likapinduka. Picha yake ya pekee ililiwa na mchwa. Sauti yake hakuna aliyeirekodi.

“Mama anasema kitu pekee cha Abeli kilichowahi kuingia kwenye mashine ni jina lake,” Ruthu alisema. “Anataka kulisikia kabla hajafa.”

“Lilisomwa lini?”

“Mwaka sijui. Nilikuwa mtoto, nilikuwa kisimani.”

Asma alifanya kama anavyofanya siku zote. Hakuuliza tena tarehe. Aliuliza watu walikuwa wakifanya nini. Ruthu akasema walikuwa wakipura uwele. Akasema kulikuwa na baridi. Akasema siku hiyohiyo, usiku, Abeli na wenzake walikwenda misheni kusikiliza mpira, na kesho yake watu wazima walikuwa wananuna kama wamefiwa.

“Mpira wa nani?”

“Kameruni.”

Asma aliruka kwenye kiti. Julai mosi mwaka 1990 ilikuwa Jumapili. Ile siku ya karani, ambayo Bibi Angelina alipewa bila kuulizwa, ndiyo siku ambayo jina la mwanawe lilipita hewani.

“Dada Ruthu,” alisema, “mwambie mama siku yake ipo. Nitakuja nayo mwenyewe.”

Alisema hivyo kabla ya kuisikiliza kaseti.

Jioni hiyo aliipata ndani ya sanduku la pili. Akaizungusha kwa kalamu, akaiweka kwenye deki, na baba yake akazungumza.

“Leo Jumapili, tarehe moja, mwezi wa saba, mwaka tisini. Upepo mkali. Usiku Kameruni anacheza na Waingereza, Mungu amsaidie. Asma analia tangu asubuhi.”

Nyimbo zikashuka. Ya kumi bendi ya dansi, ya tisa bendi ya dansi, ya saba rumba kutoka ng’ambo ya ziwa. Kufikia ya tatu, wimbo wa kumuaga msafiri, mtangazaji akaanza kusoma majina. Akasoma Tabora. Akasoma Tanga. Akasema, “Na kutoka Mvumi, Dodoma, kuna…”

Hapo mtoto akalia. Si kilio cha kawaida, ni kile cha mtoto anayejinyonganyonga kwa hasira. Sufuria ikaanguka. Sauti ya mwanamke ikasema, “Nyamaza mama, nyamaza,” na kilio kikaendelea. Kilipokatika, wimbo ulikuwa umeshaingia.

Asma aliirudisha, akasikiliza tena, mara nyingi. Akavaa spika za masikioni. Hakuna jina. Mtoto aliyelifunika alikuwa yeye mwenyewe, akiwa na miezi sita.

Alimwendea mama yake, aliyekuwa akichambua mchele.

“Mama, Jumapili ya Kameruni nilikuwa na nini?”

“Tumbo,” Sikudhani alijibu bila kuinua macho. “Baba yako alitaka kukutoa nje wewe na redio yake pamoja. Nani anauliza?”

“Kuna jina la mtu nimelilia juu yake.”

“Basi nenda ukaombe radhi. Ulikuwa na mapafu wewe.”

Jirani wa kibanda, Ludovick, ni fundi simu anayependa kompyuta kuliko usingizi. Alipoisikia habari hiyo hakuona tatizo.

“Dada Asma, unahangaika nini? Siku hizi mashine inasema chochote. Nipe dakika tatu za sauti ya huyo mtangazaji.”

“Ili?”

“Ili aseme jina.”

“Ludo, huko ni kumsemesha mtu asichokisema.”

“Lakini alikisema! Jina lilisomwa, kijiji kizima kilisikia. Ni wewe tu ulikuwa unalia. Mimi nakuondoa wewe, namrudisha yeye. Uongo uko wapi hapo?”

Asma anakiri kwamba alimpa hizo dakika tatu. Ludovick alimletea flashi nyekundu baada ya siku mbili. Ndani yake mtangazaji anasema, kwa sauti yake ileile ya kizamani, “Na kutoka Mvumi, Dodoma, kuna Abeli Mazengo,” na wimbo unaingia. Hakuna kuku, hakuna sufuria. Ukiisikiliza huwezi kujua.

“Ni nzuri,” anasema Asma, akiigeuza flashi kwenye kiganja. “Hiyo ndiyo shida yake. Bibi atafurahi, mimi nitapokea shukrani, na hakuna atakayeumia. Halafu mteja mwingine atakuja kutaka siku ya mama yake, nami nitajua moyoni kwamba siku zangu zinaweza kughushiwa.”

“Sasa utampelekea ipi?” namuuliza.

“Zote nitazibeba. Nikimwona uso nitajua.”

Tarehe moja Julai, saa tano asubuhi, uwanja wa nyumba ya Bibi Angelina pale Mvumi umejaa viti vya kuazima. Kuna harufu ya moshi na mlenda. Mwanawe mkubwa, Nathanaeli, ndiye msemaji wa siku, na hajakaa tangu alfajiri. Anamwona Asma akishusha spika na anamvamia kwa utani.

“Mgeni kutoka kwa Warangi! Asali ya Kondoa iko wapi?”

“Nimeleta muziki, kaka.”

“Muziki haulambwi, binti. Watu wa Kondoa mnakuja kwa Wagogo mikono mitupu, mnategemea kuku wetu. Andikeni jina lake, atakula shingo.”

Watu wanacheka. Asma anapiga magoti mbele ya kiti cha Bibi Angelina. Ni mwanamke mdogo wa umbo, amevaa kitenge kipya, na mikono yake imetulia mapajani.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mjukuu wangu.” Anautazama mkoba. “Umekuja na mwanangu?”

Mkono wa Asma uko ndani ya mkoba. Unakaa humo. Kisha unatoka na kaseti.

“Nimekuja na siku yake, bibi. Jina halisikiki.” Anaeleza yote, kwa sauti ya kusikika na kila mtu: redio mbili mezani, tumbo, sufuria. “Mtoto aliyelia ni mimi. Kama hamtaki kuisikia ikiwa hivyo, nitafunga vitu vyangu nirudi, na sitachukua kitu.”

Ruthu anatazama chini. Nathanaeli anafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza leo hana utani.

“Cheza,” anasema Bibi Angelina.

Kaseti inazunguka. Sauti ya Nurdini inataja tarehe, na anaposema Kameruni, wanaume wa umri fulani wanaguna wote kwa pamoja. Anaposema Asma analia tangu asubuhi, watu wanamgeukia Asma. Nyimbo zinashuka moja baada ya nyingine. Mwanamke mmoja anaimba kiitikio cha ya sita bila kujua kwamba anaimba.

Inafika ya tatu. Tabora. Tanga. Na kutoka Mvumi, Dodoma, kuna…

Kilio kinapasua spika. Bibi Angelina anainua kichwa haraka, kama mtu aliyeitwa.

“Mtoto huyo ana gesi,” anasema. “Mama yake amlaze kifudifudi.”

Kicheko kinaanza kwa Ruthu na kuwashika wote. Asma anacheka huku akifuta macho. Wimbo wa kumuaga msafiri unaendelea.

“Rudisha,” anasema bibi. “Rudisha pale kwa Tanga.”

Asma anarudisha. Tanga. Na kutoka Mvumi, Dodoma, kuna… Kilio kinaanza, na juu ya kilio hicho Bibi Angelina anasema, kwa sauti ya mtu anayesoma:

“Abeli Mazengo. Anamsalimu mama yake mpenzi Angelina, kaka yake Nathanaeli aliyeko jeshini, mdogo wake Ruthu, mwalimu wake wa darasa la saba, wapiga ngoma wote wa Mvumi…”

Anatua kuvuta pumzi. Watoto wake wanamwangalia. Hawajawahi kusikia salamu hizo. Ruthu alikuwa kisimani, Nathanaeli alikuwa kambini, na siku ile majirani walipiga kelele mara tu jina lilipotajwa, wasisikie kilichofuata. Mama yao ndiye aliyekuwa ameinamia redio.

“…na Loisi wa zahanati,” anamalizia.

Kwenye viti vya nyuma, mwanamke wa makamo anavuta kanga na kufunika uso. Ni Loisi, jirani, ambaye wakati ule alikuwa akifagia na kuchemsha maji pale zahanati. Leo ana wajukuu wanne. Amekuja kwenye shughuli hii kama anavyokuja kila mwaka, na sinia lake la vikombe ameliweka chini ya kiti.

“Mama!” Ruthu anasema. “Miaka yote hii hukutuambia?”

“Angeambiwa nani? Loisi alikuwa ameshaletewa barua ya posa na watu wengine. Ningemtia matatani.” Bibi anakunja uso. “Ujumbe ndio umenipotea. Kulikuwa na ujumbe mwishoni. Nautafuta mpaka leo.”

Asma ameshusha sauti ya spika, kaseti inaendelea kuzunguka, na upepo unapeperusha kona ya turubai.

Loisi anashusha kanga.

“Subira yavuta heri,” anasema. “Ndio ulikuwa ujumbe wake. Nilikuwa peke yangu zahanati, redio iko dirishani.” Anashika pindo la kanga. “Nami nikasubiri. Waliponiletea habari ya lori, posa nilikuwa nimeirudisha.”

Nathanaeli, mzee wa jeshi, anasogea katikati ya uwanja. Kisha anapiga makofi.

“Kumbe shemeji yetu tunaye hapa siku zote, na tunampa shingo! Leteni paja! Mrangi ale shingo, shemeji ale paja!”

Watu wanacheka kwa machozi. Ruthu anakwenda kumshika Loisi mkono, anamleta mbele, anamkalisha kwenye kiti kilicho kando ya mama yake. Bibi Angelina anaivuta kanga ya Loisi iliyoteleza na kumrudishia begani.

Pembeni, akipanga nyaya, Asma anazungumza kwa sauti ya chini.

“Ludo angeweka jina tu. Salamu hakuzijua. Mimi pia sikuzijua.” Anaigusa flashi nyekundu iliyo ndani ya mkoba. “Kama ningewachezea hii, wangefurahi, wangepiga makofi, na pengo lingekuwa limezibwa. Nani angesema ujumbe?”

Kuanzia sasa, anasema, hatasafisha tena kaseti za baba yake. Alikuwa akiwapunguzia wateja kuku na hodi ili muziki usikike vizuri. Atawaachia. Anatafuta deki ya pili, kwa sababu hii ya sasa imeanza kutafuna mikanda, na anataka masanduku yote matatu yawe yamehamishiwa kwenye kompyuta kabla ya masika yajayo.

Ana mpango mwingine uliozaliwa hapahapa uwanjani. Anataka kwenda kwa wazee wa tarehe moja Julai, Mvumi, Makutupora, na kwao Kondoa, awachezee kaseti hizi wakiwa wamekusanyika, na arekodi wanachokijibu. Anaamini chati zake zina nusu moja tu ya siku.

“Baba alirekodi redio. Mimi nitarekodi waliokuwa wanaisikiliza,” anasema. “Nina nguvu, nina miaka thelathini na mitano. Kazi hii nitaiweza.”

Bibi Angelina amekwishampa miadi ya mwaka ujao. Ameitoa mbele ya wote, kwa kidole.

“Moja Julai, usikose. Ile siku ya karani sasa ina mwenyewe.”

“Nitakuja bibi, inshallah.”

“Uje na asali,” anadakia Nathanaeli.

Kabla ya chakula, Asma anatoa kitu kingine kwenye mkoba. Ni kaseti tupu, ya mwisho katika zile alizonunua baba yake, bado imo ndani ya nailoni yake. Ameitunza tangu msiba, bila kujua ya nini. Anaichana nailoni kwa meno, anaiweka kwenye deki, anachomeka kipaza sauti na kukielekeza kwenye viti viwili vya mbele. Bibi Angelina anajiweka sawa kana kwamba anapigwa picha. Loisi anamuuliza Asma kama aanze tangu zahanati au tangu siku ya kadi.

“Anza popote, mama. Ngoja kwanza nitaje siku.”

Anabonyeza kitufe. Anainama, mdomo karibu na kipaza sauti.

“Leo Jumanne, tarehe moja, mwezi wa saba, mwaka elfu mbili na ishirini na tano. Tuko Mvumi, kwa Bibi Angelina. Upepo mkali. Uwele umeshapurwa.” Anasita, anatabasamu. “Asma halii.”